Sampuli Iliyoondoka na Mgeni

Ninyi mliobaki karakanani mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa, na mkapendekeza nianze na sherehe na majina ya wakubwa waliotutembelea. Wakubwa mnao ukutani, kwenye picha. Mimi nitaandika juu ya jambo moja: namna ya kumchagua mtu wa kukutengenezea mchezo wa watoto. Ndilo jambo tulilolifanya vibaya kuliko yote, na ndilo tulilozoea kuwasimulia wageni kama fahari yetu. Nilitaka hasira ipoe kwanza ndipo nishike kalamu. Nimengoja tangu nistaafu na haijapoa, kwa hiyo mtaisoma pamoja na maneno.

Niliingia karakana ya vifaa vya shule pale Voi mwishoni mwa miaka ya sitini. Niliajiriwa kupiga msasa. Hivyo ndivyo kazi ilivyogawanywa: wanaume wanakata, wanawake wanalainisha walichokata. Jengo lilikuwa la mabati, karibu na reli kiasi kwamba treni ya mizigo ikipita patasi zilihama mezani zenyewe, na mtu aliyeweka chombo ukingoni alikiokota sakafuni. Joto la humo ndani sitalieleza. Mnalijua, mabati ni yale yale.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Mwambi, mzee aliyekuwa seremala wa reli kabla ya kuja kwetu. Siku yangu ya kwanza alinipa vipande viwili vya mbao na kipimo chake cha chuma cha kupimia unene, akaniambia nipime. Vilikuwa sawa. Akachukua kimoja, akakifunga kwa kitambaa kibichi, akakisukumia chini ya meza. Jioni alinipa vyote viwili tena, na kile cha chini ya meza kilikuwa kimenenepa.

"Mbao inakunywa," aliniambia. "Kama mjomba wako. Ila mbao hairudi nyumbani kupiga kelele."

Baadaye, nilipoacha kucheka, aliniambia neno ambalo ndilo nililofanyia kazi miaka yote iliyofuata. Alisema kitu kipya hakikuambii lolote. Ukitaka kujua kama kimetengenezwa vizuri, kipeleke mahali kitakapokaa, kiache, nenda kafanye kazi nyingine, kisha urudi.

Shule nilikuwa nimeiacha kabla haijaisha. Nilijifunza kuchora na kupima kwa vitabu vikuukuu vya ufundi nilivyovipata Mombasa, vingine havina majalada, kimoja hakina kurasa za mwanzo, hivyo mpaka leo sijui aliyekiandika. Nilikuwa nikiazima kile kipimo cha Fundi wakati wa chakula cha mchana na kupima kila kitu: makopo, kingo za meza, vifungo vya shati la dereva wetu, naye yuko ndani ya shati. Jinsi nilivyotoka kwenye msasa nikawa mtu wa kukagua vifaa kabla havijapelekwa shuleni si habari ya hapa.

Siku moja Mwalimu Mwadime alishuka kutoka Werugha, kule milimani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mrefu mwenye koti zito la kijivu. Alilivaa hata Voi, kwa sababu, alisema, akilivua atalisahau, na huko juu jioni hawamkopeshi mtu koti. Alikuwa amechora mchezo nyuma ya kalenda ya zamani, akautandaza juu ya meza yetu na kuuwekea nyundo kila pembe.

Wale wa bara wasiojua milima yetu wajue kwamba huko maji ya kijito huongozwa kwa mfereji unaopita kando ya mashamba, na kila shamba lina kilango chake cha mawe, matope na magome ya mgomba. Maji hutumiwa kwa zamu. Mwenye zamu huyaelekeza kwake, hunyweshea, kisha humwachia wa chini yake. Mfereji ukijaa udongo, wote hutoka na majembe kuusafisha, wa juu na wa chini. Mwalimu alikuwa amelifundisha darasa lake habari hii kwa maneno. Watoto waliitikia "ndiyo mwalimu" kwa sauti moja, wakatoka nje, wakapigana kwenye bomba la shule. Ndipo akaamua kuwatengenezea mchezo.

Ulikuwa ubao mrefu ulioinama kidogo, umechongwa mfereji katikati, na kando yake mashamba manne, moja chini ya jingine. Juu kabisa ni chemchemi. Maji ni mbaazi kavu. Kila mchezaji ana kilango chake. Akikishusha, mfereji unaziba na mbaazi zinaingia shambani kwake. Akikiinua, zinateremka kwa jirani. Kila mtu anataka shamba lake lijae. Lakini shamba la chini kabisa lisipopata maji mpaka mchezo unakwisha, wote wameshindwa, waliojaza na wasiojaza.

"Kwa nini wote?" Fundi Mwambi aliuliza.

"Kwa sababu yule wa chini hatapanda na jembe kuja kusafisha mfereji wa watu waliomnyima maji. Wewe ungepanda?"

"Ningepanda," Fundi alisema. "Lakini jembe nisingelitumia kwenye mfereji."

Mwalimu aliuita mchezo wake Zamu. Tulichukua muda mrefu kuupata. Kilango kikilegea, mbaazi zinapenya chini yake. Kikibana, mtoto anakivuta kwa nguvu na kukivunja. Ubao ukiinama sana, mbaazi zinaruka vilango vyote na kumwagikia miguuni. Ukiinama kidogo mno, zinasimama njiani kama watu waliokutana na shemeji. Fundi Mwambi alichonga, mimi nikapima, Mwalimu akacheza na kutuambia tumekosea wapi. Nilijifunza zaidi katika miezi ile kuliko katika vitabu vyangu vyote vyenye majalada na visivyo nayo.

Tulipokuwa na mbao chache zilizokubali, tulizijaribu katika shule za Rukanga, Mata na Miasenyi. Nilipenda sana siku ya Mata. Watoto wa huko kando ya Taveta wamekua na mifereji, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Msichana mmoja aliyekaa shamba la juu alishusha kilango chake akakishikilia kwa vidole viwili, akitazama dari.

"Jirani, nakuomba maji," alisema mvulana wa shamba la chini.

"Ngoja zamu yako, jirani. Mbona una haraka kama unayeposa?"

"Mahindi yangu yanakufa."

"Yazike."

Darasa lilicheka. Lakini yule wa chini alikunja mikono tu, na wenzake wa katikati wakaanza kumgeukia msichana, kwa sababu walijua mchezo unakwenda wapi. Akainua kilango. Mbaazi ziliteremka zikapita mashamba mawili na kutua chini kabisa kwa mlio mdogo, na kelele iliyopigwa humo ndani ilimfanya mwalimu mkuu aje kuuliza nani ameumia. Hakuna aliyekuwa amewaambia neno lolote juu ya kugawana.

Ofisi ya elimu ilipata habari na ikaamua kila shule ya wilaya iwe na Zamu. Karakana yetu isingeweza kutoa mbao nyingi kiasi hicho, ikabidi tutafute mtengenezaji wa nje. Ofisi ilisema wazi kwamba itaagiza mara moja tu. Ukifaulu, wilaya nyingine zitauchukua. Ukishindwa, habari za michezo shuleni zimekwisha, watoto warudi kwenye kuitikia. Mwalimu Mwadime alinikuta uani siku aliyoambiwa hayo.

"Dada Mkamburi," alisema, "mimi nina mchezo mmoja tu. Sina kichwa cha kutunga wa pili."

Nikaandika utaratibu wa kuchagua, na nitaurudia hapa kwa sababu nasikia umepotea. Kila mtengenezaji atengeneze ubao mmoja kwa kufuata mchoro wetu. Autengeneze kwa mikono ya wale wale watakaotengeneza mingine yote, wala asimpe fundi wake bora kabisa afanye sampuli halafu wanafunzi wamalizie. Na sampuli ibaki kwetu. Tutaiweka dirishani Voi kwa majuma kadhaa, kisha tutaipeleka Werugha kwenye ukungu kwa majuma mengine, kwa sababu shule za wilaya hii ziko kote kuwili na ubao ni ule ule.

Karakana moja ya samani ya Mombasa ilileta sampuli kwa treni. Ilikuwa nzuri hata Fundi Mwambi aliipapasa kama mtu anayemchunguza ng'ombe wa mwenzake. Majuma machache Voi, vilango vikaanza kudondoka vyenyewe ubao ukiinuliwa. Vilikuwa vimekatwa kwenye hewa ya bahari, na huku vimekauka na kukonda. Tulipoupandisha Werugha vilikaa sawasawa tena. Kwa maneno mengine, sampuli ya Mombasa ilikuwa nzuri Mombasa.

Ya pili ilitoka kwa maseremala wa shamba moja la mkonge, hapo hapo kwetu, watu ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kutengeneza vibanda na matela. Ilikuja na lori, imefungwa kwa kamba yao wenyewe. Ilinuka grisi. Pembe hazikulingana na rangi hawakupaka kabisa. Lakini waliikata kutoka boriti za ghala la zamani, mbao zilizokauka papo hapo miaka mingi, na vilango vyake havikunenepa Werugha wala kukonda Voi kiasi cha kumsumbua mtoto. Nilikwenda kuwaona. Msimamizi wao, mtu wa Taveta, alikuwa akila muwa na hakuuweka chini.

"Mna haraka?" aliniuliza.

"Tuna haraka kiasi."

"Basi nendeni kwa mwenye haraka. Sisi tutawatengenezea."

Niliandika kwamba kazi wapewe wao, na wanawake wetu wapige msasa na rangi. Kiwanda cha tatu kilikuwa cha plastiki, Nairobi. Hicho hakikuleta sampuli kwa treni wala kwa lori. Meneja wake aliileta mwenyewe mkononi.

Alikuja asubuhi moja ya mawingu, msimu wa mvua. Tulikaa kwenye chumba cha mikutano: Bwana Kilonzo, aliyekuwa ametumwa karibuni kutuongoza, bado kijana, na tai yake, Fundi Mwambi, Mwalimu Mwadime na koti lake, karani, mimi. Meneja alikuwa mtu mwema, na hili nalisema bila kejeli. Alimsalimu kila mtu, akawauliza watu habari za nyumbani, kisha akafungua kisanduku na kutoa ubao wa plastiki ya kijani, kijani cha majani ambayo Voi haijawahi kuyaona, na mfereji wa samawati ukipita katikati. Watu wote wakasema aaa. Nilinyanyuka ili niushike.

"Mama Mkamburi," Bwana Kilonzo alisema, "kwa kuwa umesimama, hebu tusaidie chai."

Tarishi alikuwapo, ameegemea mlango. Kuleta chai kulikuwa kazi yake. Aliniangalia, kisha akaangalia viatu vyake. Nikaenda kuleta chai. Niliporudi walikuwa wamecheza duru moja, mbaazi zimeteremka vizuri hadi chini, na Mwalimu Mwadime alikuwa akipiga makofi pamoja na wengine. Niliweka vikombe, nikainua pembe ya ubao kwa kidole. Ulikuwa mwembamba kama kifuniko cha kopo la mafuta ya kupaka.

"Naomba tuuweke dirishani mpaka saa saba," nilisema.

"Kwa nini, mama?" meneja aliuliza akitabasamu.

"Jua litatoka."

Bwana Kilonzo alicheka haraka. "Mama huyu anapenda kupima. Hata chumvi ya mboga nadhani huipima."

"Zile mbili nyingine tumezipima."

"Wenyewe hawakuwapo," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, akiwa ameinamia upande wangu: "Mama, mgeni hajamaliza chai."

Nataka mlielewe neno hilo vizuri, kwa maana halikuwa ujinga, na Bwana Kilonzo hakuwa mtu mbaya. Nimelelewa hivyo hivyo. Mgeni akikuletea ndizi zilizooza unazipokea kwa mikono miwili, unashukuru, na akishaondoka unampa ng'ombe. Humwoneshi kwamba unakishuku alichokibeba, naye ametoka mbali na bado amekaa kwenye kiti chako. Ni adabu nzuri sana kwa ndizi. Kwa ubao utakaotengenezwa kwa mamia ni upumbavu, na chumba kizima kilikuwa na watu wazima wanaojua tofauti.

Nilimtazama Fundi Mwambi, mtu aliyenifundisha kwamba kitu kipya hakisemi lolote. Alikuwa akitazama ndani ya kikombe. Nilimtazama Mwalimu Mwadime. Alitazama mbaazi. Meneja akamaliza chai, akaomba aende na sampuli kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo pekee, na kila mtu akamsindikiza hadi stesheni akiisifu rangi. Alipanda treni na kijani chake. Hakuna aliyemwambia hapana, na mtu aliyesifiwa na wote bila kuambiwa hapana hufanya kile ambacho ningekifanya hata mimi: aliwaagiza watu wake waanze. Bwana Kilonzo aliandika barua ya kukubali baadaye, kwa jambo lililokwisha kukubaliwa kwa vikombe.

"Ningesema," Fundi Mwambi aliniambia uani. "Lakini alikuwa ameniuliza habari za wanangu."

"Wanao wanaendeleaje?"

"Wazima."

"Tumshukuru Mungu," nilisema, na kwa siku kadhaa sikuzungumza naye ila kwa mambo ya misumari.

Mwalimu Mwadime naye alijitetea. "Dada, mtu ametoka Nairobi." Nikamwambia mchezo wake umetoka Werugha.

Visanduku vilifika wakati wa joto na vikasambazwa. Mwalimu na mimi tulikwenda Miasenyi kuangalia, yeye akiwa na furaha ya mtu aliyealikwa harusini kwake. Shule ilikuwa kando ya barabara kuu, haina mti. Ubao ulikuwa juu ya dawati karibu na dirisha, mahali ulipokuwa siku zote. Ncha yake ya chini ilikuwa imejikunja juu kama pua ya kiatu kikuukuu. Watoto wanne walikuwa wakicheza. Mbaazi ziliteremka vizuri mpaka shamba la tatu, zikasimama. Aliyemwaga akiongeza nyingine, za mbele zilipanda kidogo kwenye ule mkunjo, kisha zikarudi nyuma zilikotoka.

Mwalimu wa darasa alitueleza bila haya, tena kwa kujivunia kwamba amepata njia. Kwa kuwa la chini halikupata maji, watoto walikuwa wakishindwa kila siku, na wadogo walilia. Akaiondoa ile kanuni ya wote kushindwa. Sasa walishindana wale watatu wa juu, na anayejaza kwanza ndiye mshindi. Shamba la chini alipewa aliyechelewa kufika, au aliyehamia shuleni karibuni.

Siku hiyo alikaa hapo msichana mdogo, na kilango chake kilikuwa wazi. Mwalimu Mwadime alichuchumaa kando yake.

"Na wewe unafanya nini huku?"

"Nakaa."

"Maji yako yako wapi?"

"Ya huku hayaji, mwalimu," alisema, kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

Mwalimu alisimama akatoka nje. Nilimkuta ukutani, kwenye kile kipande cha kivuli kisichofika magotini. Alisema kwamba watoto wa Werugha hawakumwamini alipowaambia kwa mdomo, na ndiyo maana akatafuta ubao. "Sasa hawa wanauamini ubao," alisema. Hatukuwahi kumwona karakanani na karatasi nyingine yoyote.

Nilimpelekea Bwana Kilonzo habari ile siku iliyofuata, na shule nyingine za bondeni zilikuwa vivyo hivyo.

"Waambie wauweke kivulini."

"Bwana, Miasenyi hakuna kivuli isipokuwa cha lori, nalo huondoka."

"Milimani unafanya kazi?"

"Milimani unafanya kazi."

"Basi unafanya kazi," alisema, na akaninyooshea taarifa aliyokwisha kuipeleka juu, yenye neno kufaulu katika sentensi ya kwanza.

Ubao mmoja uliwekwa kwenye kabati la kioo ukumbini, upande usiopigwa na jua, na kila mgeni aliyekuja asubuhi alioneshwa jinsi mbaazi zinavyoteremka. Mliuona tangu siku yenu ya kwanza, na wengi wenu mmewahi kuwachezesha wageni. Mashuleni mbao ziliishia kufunika mitungi na kulishia kuku. Mama mmoja wa Miasenyi aliutumia ubao wa huko kuwekea mandazi yake. Haki itendeke: mafuta yaliteremka vizuri sana, hadi shamba la tatu.

Fundi Mwambi aliondoka, nami nikabaki na kipimo chake na kazi nyingine nyingi ambazo zilikwenda vizuri na kwa hiyo hazina hadithi. Kisha ikafika zamu yangu ya kustaafu. Karani aliniambia kwamba mgeni wa heshima katika kuagwa kwangu atatoka makao makuu, na kwamba haji kwa ajili yangu. Alikuwa amesoma habari za Zamu. Walitaka kuagiza upya, kutoka kiwanda kile kile na kwa kalibu ile ile ya kumiminia plastiki, kwa wilaya kavu za mbali zaidi, huko ambako mtu anatembea nusu siku kutafuta maji. Angetia sahihi baada ya chakula.

Mnajua niliyoyafanya, maana mlikuwapo, lakini nimesikia mnavyoyasimulia, kwa hiyo nayaandika. Asubuhi nilitoa ubao kabatini, nikauweka dirishani upande wa reli. Bwana Kilonzo alipita na mvi zake.

"Mama, unaanika?"

"Naanika."

Alisimama kidogo, akauangalia, akaenda zake. Sijui kama alielewa. Naamini alielewa, na akaona kwamba mwenye sherehe hakatazwi.

Mwalimu Mwadime nilimwalika mimi. Alikuja na koti. Tulikula pilau, hotuba zikasemwa, mkanipa saa ya ukutani. Mgeni alikuwa kijana mwenye adabu, aliyekula bila kuringa na kuuliza maswali ya maana. Bwana Kilonzo akasema sasa mgeni aoneshwe mchezo, nami nikauleta mezani kati ya sahani. Kwa juu mkunjo haukuonekana sana. Mwalimu alichukua shamba la juu, Bwana Kilonzo la pili, mimi la tatu.

"Nipeni la chini," mgeni alisema. "Nimesoma kwamba huyo ndiye mtu muhimu."

Mwalimu alimwaga mbaazi na kuinua kilango chake. Bwana Kilonzo alijaza shamba lake kidogo tu, kwa ukarimu, akainua chake. "Karibu maji, mgeni wetu." Nami nikainua changu. Mbaazi zilipita mbele yangu, zikapunguza mwendo, zikasimama. Bwana Kilonzo aligonga ubao kwa kifundo cha kidole. Zikarudi kwangu.

Mtu mmoja kati yenu alicheka, akakohoa.

"Zamu yangu bado?" mgeni aliuliza.

"Zamu yako ni sasa," Mwalimu Mwadime alimwambia.

"Mbona siyaoni maji?"

"Huko hayaji," nilisema. "Hayajawahi kufika katika shule yoyote ya bondeni, tangu ubao huu uletwe."

"Mama Mkamburi," Bwana Kilonzo alisema taratibu, "mgeni bado anakula."

"Ale. Mimi nimejibu alichouliza."

Niliwatazama ninyi. Kila mmoja wenu amewahi kukipeleka kifaa shuleni na kurudi na habari za mbao zile. Mlikuwa mkitazama sahani zenu, watu wazima, mafundi, kana kwamba mmeambiwa mhesabu punje za wali.

Mgeni alibonyeza ncha ya ubao kwa kidole. Ilishuka, mbaazi zikaja kwake. Akaondoa kidole, ncha ikapanda, mbaazi zikaondoka. Alifanya hivyo mara ya pili. Kisha akajifuta mkono, akawatazama mmoja mmoja kuzunguka meza.

"Huu ndio mnaotaka niagize tena?"

Bwana Kilonzo alimsogezea bakuli la nyama.

"Mimi nimeshiba," mgeni alisema.

Hakutia sahihi siku ile. Alisema hawezi kuzuia agizo la ofisi kwa neno la mtu mmoja aliyekwisha kustaafu, na kwamba atarudi kuwauliza ninyi, mnaoendelea na kazi. Atakuja mwenyewe, mtamkalisha kwenye kiti kizuri na mtampa chai. Mjibuni akiwa bado anainywa.